Kabla hujalipia TV, mwambie muuzaji atoe hiyo demo

Ukiingia maduka ya TV pale Kariakoo unakuta ukuta mzima unawaka, samaki wa rangi rangi, maua yana umande, mji wa usiku umepigwa kutoka juu, na kila TV unaiona kali kuliko ya nyumbani kwako. Lazima uione kali, hiyo video ya demo imetengenezwa kwa kazi hiyo, hakuna sura ya mtu, hakuna mpira unaokimbia, hakuna chumba chenye giza, afu TV yenyewe imewekwa kwenye mode ya Vivid au Dynamic, mwanga uko juu kabisa na rangi zimekolezwa mpaka basi. Wewe nyumbani huangalii samaki, unaangalia Simba na Yanga, tamthilia na taarifa ya habari saa mbili usiku.

Kwa hiyo mimi mtu akiniomba nimsindikize, naenda na flash yangu. Ndani nina klipu ya mpira, kipande cha filamu chenye giza, na picha tupu za rangi moja moja, kijivu, nyeusi, nyekundu, nyeupe, hizo unatengeneza hata kwa Paint kwenye kompyuta. Namwambia muuzaji abadilishe mode iwe Standard au Movie halafu ndo tunaanza kuangalia. Wapo wanaonuna, ila anayetaka kuuza anakuwekea.

Picha ya kijivu ndo inayosema ukweli kuliko zote. Kioo kizuri kinaonyesha kijivu kimoja kutoka kona hadi kona, kibovu unaona mabaka na mistari ya wima kama mtu kakifuta kwa tambara chafu. Usidharau hayo mabaka maana kwenye mpira kamera ikihama na mchezaji, nyasi zinapita juu yake na utayaona kila mechi, na ukishayaona mara moja huwezi tena kuacha kuyaona. Nyeusi inakuonyesha taa zinazovuja kwenye kona, ila hapo omba wapunguze mwanga wa duka kama inawezekana. Nyekundu na nyeupe unatafutia pikseli zilizokufa, yaani vidoti ambavyo haviwaki.

Ukimaliza toka katikati, nenda kasimame pembeni kabisa. TV nyingi hizi za bei ya kawaida hata zikiandikwa LED ni LCD tu yenye taa za LED nyuma yake, na vioo vyake vingi ni vya aina mbili. Kuna IPS, ambayo ukikaa pembeni rangi hazibadiliki sana ila nyeusi yake inaelekea kijivu, kontrasti yake, yaani tofauti ya nyeupe na nyeusi, huwa kama 1000 kwa 1. Kuna VA, yenyewe inafika 3000 kwa 1 na zaidi, giza linakuwa giza kweli, lakini aliyekaa kochi la pembeni anaona picha imepauka. Sebule ya watu wengi, watoto chini kwenye zulia, shemeji kwenye kiti cha mlangoni, chukua IPS. Unaangalia mwenyewe usiku taa zimezimwa, VA bila kufikiria mara mbili. QLED nayo ni LCD ileile imeongezewa tabaka la kuboresha rangi, usiichanganye na OLED ambayo kila pikseli inawaka na kujizima yenyewe, hiyo ni nyeusi kama kuzimu na bei yake mnaijua.

Sasa 4K. 4K kamili ni pikseli 3840 kwa 2160, kama milioni 8.3, wakati zile inchi 32 nyingi ni 1366 kwa 768, haifiki hata milioni 1.1. Tatizo boksi linaandikwa chochote. Na usiipime kwa kufungua picha kwenye flash, maana hata TV ambazo ni 4K kweli nyingi zinaonyesha picha za kawaida kwa 1920 kwa 1080, yaani Full HD, utailaumu bure. Nenda na laptop inayotoa 4K, chomeka HDMI, weka 3840 kwa 2160 bila kukuza kitu, fungua maandishi madogo kabisa, sogea karibu. Herufi zikisomeka safi hata kama ni ndogo kama sisimizi, ni 4K. Zikivurugana zikawa uji uji, umeuziwa boksi. Afu ujiulize pia utaangalia nini humo, maana chaneli nyingi za king'amuzi haziji kwa 4K, TV inazivuta tu zijae kioo, kwa hiyo uwezo wake wa kuvuta picha ndogo bila kuifanya iwe na ukungu ni muhimu kuliko hiyo namba. Ndo maana naipa uzito klipu ya mpira, tena iwe ya quality ya kawaida, sio kali.

HDR, ile ya kuongeza mng'ao na tofauti ya mwanga na giza kwenye picha, msibabaike nayo. TV ya bei nafuu inapokea mawimbi ya HDR vizuri tu na inakuandikia HDR pale juu, lakini mwanga wake ni niti 250 au 300 (niti ni kipimo cha mwanga wa kioo), na filamu nyingi za HDR zinaandaliwa kwa niti 1000, sasa huo mng'ao utatokea wapi. Mara nyingine picha inakuwa na giza kuliko bila HDR.

Kuna hizi za dabo glasi, zimewekewa kioo kigumu cha ziada mbele. Kama una mtoto wa kurusha rimoti chukua, nakuelewa kabisa, ila jua zinarudisha mwanga balaa, dirisha likiwa mbele yake mchana utajiangalia mwenyewe.

Usmati wa TV ndo kitu cha mwisho kwangu. Yenye RAM ya GB 1 leo inaenda, kesho app zinaongezeka uzito inaanza kuganda, ila kiboksi cha Android unachomeka nje muda wowote, kioo kizuri huwezi kukichomeka. Hela iende kwenye kioo.

Ukifika nayo nyumbani shusha backlight, yaani mwanga wa taa za nyuma ya kioo. Usiku hata nusu inatosha, na zile taa za nyuma zinakufa kwa joto, ukiziacha mia kwa mia kila siku unaziwahisha. Zikifa dalili yake ni sauti ipo picha hakuna, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa karibu, ukiona picha kwa mbali inacheza ujue kioo chenyewe ni kizima, tatizo liko upande wa taa tu, fundi anabadilisha. Ila tafuta fundi mwenye mkono mwepesi kwa sababu kuzifikia lazima akitoe kioo, na kioo kikipasuka bei yake inakaribia TV nzima.

Wanaotaka TV iwe monita, inchi 32 ya 768 sahau, kwa umbali wa mezani herufi zinakuwa na meno. Monita used ya ofisini, inchi 24, Full HD, IPS, inaipiga hiyo TV mbali sana kwenye kuandika na ukiibahatisha haina michirizi unapata kwa bei ya kuelewana, nayo ipime kwa kijivu kilekile. Ukiwa na TV ya 4K ya inchi 43 inafaa, ila kwenye mpangilio wa HDMI chagua PC, zima sharpness, zima overscan (ile ya TV kukuza picha na kukata kingo zake), la sivyo herufi za rangi zinachuja na taskbar inakatika chini. Wa magemu washeni Game mode, bila hivyo unabonyeza leo mchezaji anapiga shuti kesho.

Waranti soma kabla ya kulipa, nyingi hazihusu kioo kupasuka. Na TV yenyewe isafiri imesimama, dereva wa bajaji akitaka kuilaza siti ya nyuma ili akae vizuri mkatalie, ukiona vipi ongeza hela mtafute kirikuu.