Kabla hujaenda makaburini kutafuta ukoo, anzia kwa bibi

Wadogo zangu mnaoanza hii kazi, najua hamu yenu ni kukimbilia makaburini na simu mkononi, lakini naomba muanzie sebuleni kwa bibi. Mtu mmoja alikuwa na majina matatu, lake, la baba yake na lile la mtaani, na kwenye kibao huenda usilikute hilo unalolijua wewe. Andika yote.

Mimi nilienda Mbweni kutafuta kaburi la baba yake bibi, nikalikuta la chokaa na mawe ya matumbawe, maandishi ya Kiarabu, nikasoma moja, tatu, halafu kiduara, nikaandika 130 nikijua tarakimu ya mwisho imefutika basi nikaondoka. Nimekaa na kosa hilo karibu mwaka mzima. Siku niliyorudi na mzee mmoja wa ukoo akapiga goti, akapapasa kwa kidole akaniambia hiki kiduara siyo sifuri mwanangu, hii ni tano, sifuri yao ni nukta, na nukta yenyewe ndo hiki kishimo ulichodhani chokaa imebanduka. 1350! Jamani nilitokwa machozi, maana bibi siku zote anasema kazaliwa arobaini ya baba yake haijatimia, ila mwaka hajawahi kuujua, kwenye kadi yake walimkadiria tu 1940.

Sasa hiyo 1350 ni ya Kiislamu, hesabu yao inaanzia mwaka 622 wa kalenda yetu ya kawaida. Ila usijumlishe 622 ukaishia hapo, mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo kila miaka 33 yao inazidi yetu kwa mwaka mmoja hivi. Gawa 1350 kwa 33 unapata 41 hivi, itoe, inabaki 1309, ndo ujumlishe 622. Inakuja 1931, na unaweza kuwa umeingia 1932. Kwa hiyo bibi yetu ana umri mkubwa kuliko tulivyokuwa tunamhesabia!

Na tafadhali sana msipake chaki wala kukwangua ukoga, chokaa ya zamani inameguka na herufi ikienda imeenda. Nendeni saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni, jua likipiga ubavuni maandishi yanasimama yenyewe, na adhuhuri hamtaona kitu. Ukitaka kuzoesha macho pita magofu ya Kunduchi, Dar es Salaam, kuna makaburi ya karne ya 18 yaliyokuwa yamepambwa kwa sahani za Kichina.

Wale ambao babu zao walichukuliwa vita ya kwanza ya dunia, makaburi ya vita ya Dar es Salaam yako barabara ya Bagamoyo, lakini mjue kwamba mwaka 1968 makaburi 660 yalihamishwa kutoka Ocean Road kupisha ujenzi wa barabara, na kule hawakuwa na alama ya mmoja mmoja kwa hiyo walizikwa upya kwenye makaburi ya pamoja. Usipoona jina la babu usihitimishe kwamba hayupo pale. Rudi kwa wazee uulize alikuwa askari au mpagazi, na aliondoka kijiji gani, halafu ndo uende Nyaraka za Taifa pale Upanga ukiwa na kitu cha kuuliza.