Unayetaka kurekebisha pua, anza na daktari atakayekuuliza kwa nini

Pua yangu sijaipenda tangu kidato cha pili, wasichana wa bwenini waliponibandika jina ambalo mpaka leo silitamki. Ndiyo maana mwaka jana, akiba ilipotosha, sikwenda kutafuta ushauri. Nilikwenda kuulizia bei.

Kliniki ya kwanza, siitaji, ilinijibu kwa WhatsApp: nitume picha tatu na malipo ya awali, nafasi ipo. Nilipouliza nani atakayenifanyia, nikaambiwa "timu yetu ya madaktari". Jioni wakanirushia picha ya uso wangu wenye pua iliyochongwa kwenye kompyuta, nyembamba mno. Niliipenda. Wiki nzima nilikuwa naifungua na kuitazama. Dada yangu, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyenizuia: "Mtu hajakugusa hiyo pua, atajuaje ndani kuna nini?"

Akanipa pa kuanzia. Hapa Tanzania daktari awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Ndugu zetu wa Kenya wanaweza kulitafuta jina lake kwenye tovuti ya KMPDC, baraza la madaktari la huko. Na usiishie kuona kwamba amesajiliwa, angalia amesajiliwa kama nani. Daktari mwenye leseni si lazima awe bingwa wa upasuaji rekebishi, na kozi fupi ya urembo haimpi ubingwa huo.

Bingwa niliyemwona hakuanza na pua. Aliniuliza wazo hili ni la nani, limeanza lini, na nikishapata pua mpya nategemea nini kibadilike maishani. Hilo la tatu lilinitoa machozi. Kisha akashika kioo kidogo cha baridi chini ya matundu ya pua, akasema nipumue kawaida. Upande wa kulia ukungu ulitanda. Kushoto likatokea doa la ukubwa wa punje ya mahindi. Ukuta wa kati umepinda! Miaka yote hiyo nalala mdomo wazi, nadhani ni mafua sugu.

Alinieleza kwamba pua pana yenye ngozi nene kama yangu mara nyingi haihitaji kupunguzwa tu. Huongezewa gegedu, ile tishu ngumu inayopindika kama ya sikio, ili ncha isimame, na gegedu hilo hutolewa kwenye ukuta huo huo wa kati, sikioni au ubavuni. Ukipunguza kupita kiasi, pua hukosa mhimili na pumzi hubana. Bandeji ngumu hutolewa baada ya kama wiki moja, lakini umbo la mwisho husubiriwa mwaka mzima, na kwa ngozi nene hata zaidi.

Muulize daktari wako akuonyeshe pua za watu wanaofanana nawe alizozifanya, nani atakayekulaza usingizi, na matokeo yakiwa mabaya gharama ya kurudia ni ya nani. Kurudia ni kugumu kuliko mara ya kwanza. Kama makovu yako huvimba na kuwa keloidi, mwambie mapema. Na usijipime kwa selfi: kamera ikiwa sentimita 30 kutoka usoni, pua huonekana pana kuliko ilivyo.

Nilimwomba aninyooshe ukuta kwanza, umbo lije baadaye. Akasema tusiharakishe: gegedu la hapo ndilo atakalolihitaji nikitaka na umbo, kwa hiyo ni heri niamue yote mawili kwa pamoja. Narudi kwake mwezi ujao. Lile swali la tatu nimeliandika kwenye daftari, na jibu lake nimeshalifuta mara mbili.