Ukiwa India achana na mall, nenda Murud

Juzi kuna mdogo wangu mmoja kaniandikia inbox, anasoma Pune, likizo fupi imefika na hela ni ya mawazo, anauliza aende wapi maana Goa haiwezi. Mdogo wangu, nenda Murud, mji wa pwani huko huko jimbo la Maharashtra, ukaione ngome ya baharini, na kauchungu bado ninako maana enzi zangu nilivyowaambia wenzangu wa hosteli twende walinicheka, eti "utoke huku kote ukaangalie mawe?", wakaenda zao mall kupigana picha. Nikaenda peke yangu. Sa hivi ndo hao hao wananiomba zile picha.

Mi nilipitia Mumbai, unachukua boti pale Gateway of India mpaka Mandwa, afu basi mpaka Alibag, halafu basi jekundu la serikali linalopita pwani kwenye minazi mpaka Murud. Hapo sina hadithi, nililala.

Sasa ngome yenyewe inaitwa Janjira, iko katikati ya maji, unaifuata kwa boti kutoka kijiji cha Rajapuri. Boti za matanga, jamani, ukikaa mle ni kama uko kwenye dau la kwetu, tofauti ni lugha ya matusi tu. Mlango huuoni mpaka uko karibu kabisa, umejificha kwenye kuta, na ukiingia angalia ukutani pamechongwa mnyama kama simba kawabana tembo kwenye makucha. Tembo wadogo kama panya! Nilisimama pale mpaka watu wakanipita.

Na waliotawala pale ni Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika, wengi Uhabeshi, mababu zao walifika India kama watumwa, askari na mabaharia. Shivaji mwenyewe, yule mfalme wa Wamaratha ambaye Maharashtra nzima ina sanamu zake, aliitaka ile ngome akaikosa. Mwanae Sambhaji mwaka 1682 akajaribu kufukia bahari kwa mawe ili jeshi lipite kwa miguu, nayo ikashindikana. Nawabu, yaani watawala wa Kisiddi, waliendelea kutawala mpaka 1948 Janjira ilipoingizwa India. Afu mtu mweusi kutoka Bongo anamaliza digrii nzima India hajui hili, anajua bei za simu tu! Tubadilike jamani, kusafiri siyo kuhamisha selfi kutoka nchi moja kwenda nyingine.

Ndani kuna mabwawa ya maji baridi katikati ya bahari ya chumvi, na mizinga mikubwa, mmoja unaitwa Kalal Bangdi. Ila wenye boti wanakupa muda mfupi, haufiki hata saa, kwahiyo anza na juu ukutani kwanza, uone na ile ngome nyingine ya Padmadurg aliyojenga Shivaji kuwabana Wasiddi. Maelezo ni Kihindi na Kimarathi, soma kabla hujaenda. Na nenda mapema, wikiendi panajaa.

Ukibaki na siku, usirudi haraka, nenda msitu wa Phansad, zamani Nawabu alikuwa anawinda humo. Kuna kindi wakubwa wanaitwa shekru, mkia mrefu, rangi ya kahawia iliyoiva, tembea kimya na uangalie juu kwenye matawi. Ila mwezi wa sita mpaka wa nane usijisumbue, mvua za kule siyo za mchezo na boti za ngome zinasimama.