Una PhD ya ikolojia, unatafuta maabara: majibu kwa wasomaji

Swali: Shikamoo Daktari. Nimemaliza PhD pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, juu ya panya wa mashambani. Nimewaandikia maprofesa wengi wa nje kuomba nafasi ya utafiti, hakuna aliyejibu. Je, wanaidharau PhD ya nyumbani?

Jibu: Marahaba. Kwa panya, SUA ni jina kubwa, kwa hiyo ondoa hofu hiyo. Nadhani tatizo ni barua. Inayoanza na "naomba nafasi yoyote katika maabara yako" haisomwi hadi mwisho, kwani ingeweza kutumwa kwa profesa yeyote. Mkuu wa maabara anatafuta mtu mwenye swali.

Chukua utafiti wa Laikipia, Kenya, uliotoka katika jarida la Science mwaka 2024, ukiongozwa na Mkenya Douglas Kamaru. Sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa waliwaua sisimizi wenyeji wanaoilinda migunga. Tembo wakaivunja, mbuga ikawa wazi, simba wakakosa pa kuwavizia punda milia, wakageukia nyati. Ukiwaandikia watafiti wa namna hiyo, usiishie kusema umevutiwa. Uliza panya wanaokula mbegu za migunga wamepatwa na nini miti ilipoanguka, kisha eleza ungewapimaje kwa mitego unayoijua. Aya mbili na CV zinatosha. Zikipita wiki mbili kimya, kumbusha mara moja.

Swali: Profesa amenikubali ila hana fedha. Ndiyo basi?

Jibu: Hapana, umeshapata kilicho kigumu zaidi, maana ruzuku nyingi hudai uwe na profesa mwenyeji kwanza. Kwa Ulaya jaribu ruzuku ya Umoja wa Ulaya iitwayo Marie Skłodowska-Curie: ni kwa raia wa nchi yoyote, na maombi kwa kawaida hufungwa Septemba. Usiwe umepitisha miaka 8 tangu upate PhD, wala usiwe umeishi nchi unayoiombea zaidi ya miezi 12 katika 36 iliyotangulia. Sharti hili la pili huwakwamisha waliosomea PhD hukohuko. Ujerumani wana ruzuku ya Humboldt. Marekani, ruzuku ya NSF, shirika la serikali linalofadhili sayansi, ya watafiti wapya wa baiolojia ni ya raia na wakazi wa kudumu, hivyo huko tegemea zaidi mshahara wa mradi wa profesa mwenyewe. Masharti hurekebishwa, soma tangazo la mwaka husika.

Swali: Mimi ni mtu wa porini, R, ile lugha ya kompyuta ya kuchambua takwimu, naijua juujuu. Niseme?

Jibu: Sema, na uanze leo kuchambua upya data za tasnifu yako kwa R. Anayeweza kutambua mti bila majani na pia kusoma modeli hugombaniwa na wengi.

Swali: Mkuu mtarajiwa anataka nimtumie picha zote za kamera nilizotega hifadhini wakati wa PhD, "tuanze kazi mapema". Nimtumie?

Jibu: Usitume hata faili moja kabla ya makubaliano ya maandishi. Kwanza fungua kibali chako: utafiti wa wanyamapori Tanzania hupitia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na masharti uliyosaini ndiyo yanayoamua data ziende wapi. Kama kuna damu, kinyesi au tishu, taratibu ni kali zaidi, na Itifaki ya Nagoya ya 2010 inataka nchi yenye rasilimali za jenetiki igawiwe faida kwa haki.

Kisha andikeni nani atakuwa mwandishi wa kwanza wa makala ipi, msimamizi wako wa nyumbani atatajwa wapi, na ukiondoka utabaki na nini. Inaniuma kila ninapoona jina la aliyelala porini likishushwa hadi kwenye shukrani. Profesa mwema hatachukizwa na barua hiyo. Akichukizwa, tafuta maabara nyingine.

Swali: Mkataba ni wa mwaka mmoja. Niache uhadhiri?

Jibu: Usiache. Omba chuo likizo bila malipo, upate jibu kwa barua, na umuulize profesa kama mkataba huongezwa na nani analipia viza na bima ya familia.