"Ni i7, kaka": maswali ya laptopu za gemu kutoka Mtwara na Lindi

Fedha za korosho zikianza kuingia, maswali ya safu hii hubadilika. Habari za simu zinawekwa pembeni, kila mtu anataka laptopu ya kuchezea gemu, na anataka iwe nyepesi, iwe na nguvu, tena isimalize mfuko. Vitatu hivyo havipatani. Mwenye fedha kidogo huchagua viwili, na mara nyingi kinachoachwa ni wepesi. Nimechukua maswali yanayojirudia zaidi.

Nasoma chuo hapa Mtwara, nina milioni moja na laki mbili. Muuzaji ananiambia laptopu yake ni i7, RAM 16, grafiki GB 8. Nichukue? (Mwanafunzi, Shangani)

Subiri kwanza, mdogo wangu. Katika hayo matatu aliyokutajia, hakuna linalokuhakikishia kwamba gemu litacheza.

i7 ni jina la ukoo tu la prosesa za Intel, yaani ubongo wa kompyuta. Prosesa ya i7-7500U ya mwaka 2016 ina viini viwili (cores, sehemu zinazofanya hesabu). i5-8250U iliyotoka mwaka uliofuata ina vinne, na kwenye kazi nyingi inaiacha hiyo i7 mbali. Kwa hiyo soma namba yote mpaka herufi ya mwisho: U ni ya kubana matumizi ya umeme, H ni ya kazi nzito. "Ni i7, kaka" bila namba ni sawa na kuambiwa "ni Toyota".

Ujanja mkubwa uko kwenye hiyo grafiki GB 8. Laptopu isiyo na kadi yake ya grafiki, kile kifaa cha kuchora picha za gemu, huazima RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta), na Windows huiruhusu kuazima mpaka nusu. Nusu ya 16 ni 8. Muuzaji ameisoma hiyo 8 kwenye skrini, naye anakuuzia kama kadi. Mkiwa dukani bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, shuka mpaka GPU, yaani grafiki. Utaona Dedicated GPU memory, hiyo ni kumbukumbu ya kadi yenyewe, na Shared GPU memory, ambayo ni ya kuazima. Angalia hiyo ya kwanza. Ikiandika 4.0 GB, endeleeni kuongea bei. Ikiandika MB 128, mshukuru, muage, hiyo ni mashine ya Word na Excel.

Kwa fedha yako tafuta iliyotumika yenye kadi ya NVIDIA GTX 1650 ya GB 4. Ni kadi ya mwaka 2019, haina DLSS (ujanja wa NVIDIA wa kuongeza fremu, yaani picha kwa sekunde) wala mbwembwe za miale ya mwanga, ila gemu nyingi za kawaida inazimudu. Ukikutana na RTX 3050 usiruke kwa furaha kabla hujauliza wati, maana jina hilo moja limewekwa kwenye laptopu za wati 35 na za wati 80, na uchezaji wake haufanani. Fungua NVIDIA Control Panel, ingia System Information, tafuta Maximum Graphics Power. Ikiwa ni 35 au 40, usiilipie kama ya 80.

Mimi shida yangu ni GTA V na eFootball tu. Nina laki nane. Kuna kitu hapo au nisubiri msimu ujao? (Masasi)

Kipo, ila usikitafute kwenye laptopu zenye taa nyekundu na joka mgongoni. Hizo hata zikiwa zimechoka bado zinauzwa kwa sura.

Ulizia mashine za wahandisi zilizotumika: HP ZBook, Dell Precision, ThinkPad za P. Ofisi za nje hununua hizi kwa ajili ya kuchora ramani na majengo, zikifikisha umri wanazitoa, nazo huja huku na makontena ya mitumba. Ndani mna kadi za Quadro, kadi za grafiki za NVIDIA za kazi za ofisini. Quadro P1000 ya GB 4 ni ndugu wa GTX 1050, na T1000 haiko mbali na GTX 1650. Vijana wa gemu hawalitafuti jina la Quadro, kwa hiyo bei yake haipandishwi na mashabiki. ZBook 15 G5 au ThinkPad P52, zote za mwaka 2018, nyingi zilitoka na prosesa za viini sita. GTA V ya awali, iliyofika kwenye kompyuta mwaka 2015, ilikuwa inapendekeza kadi ya GB 2 tu, kwa hiyo P1000 inaicheza bila kigugumizi. eFootball nayo si mzigo.

Ubaya wake ni uzito: kilo mbili na nusu hivi, na chaja ni tofali. Ukitaka ya kubeba begani kila siku, kuna ThinkPad P1 na Precision 5530, zote chini ya kilo mbili na zinaweza kuwa na hiyo hiyo P1000. Tatizo ni kwamba wembamba unakuja na joto, na wauzaji wanajua kuwa zinapendeza. Kwa laki nane chukua nene. Masasi mjini si pakubwa kiasi cha kukuvunja mgongo.

Lakini ukibadili mawazo ukataka gemu la soka la EA Sports FC, hesabu inabadilika. Toleo la 25 linaanzia GTX 1050 Ti ya GB 4 na linataka nafasi ya GB 100 kwenye diski. Diski ya SSD ya GB 256 yenye Windows ndani itakubana mara moja.

Mwanangu amemaliza kidato cha sita, anasema laptopu ya gemu ndiyo nzuri kwa masomo ya chuo. Ananidanganya? (Mama, Lindi mjini)

Shikamoo mama. Nusu anasema kweli. Akienda kusoma uhandisi, usanifu majengo au kuhariri video, kadi ya grafiki itamsaidia kweli kweli. Akienda kusoma sheria au ualimu, hiyo kadi ni ya gemu, na ajitetee kwa hoja hiyo hiyo.

Asichokwambia ni kwamba laptopu za gemu hula betri. Darasani siku nzima bila soketi, atahangaika. Wakati huo wengine wenye laptopu za kawaida wanaandika tu. Mwambie aonyeshe kwanza barua ya chuo, imeandika kozi gani, ndipo mzungumze kadi.

Nikicheza kama robo saa gemu linaanza kukwama, na laptopu inakuwa ya moto kama pasi. Fundi anasema RAM imekufa. (Kilwa Masoko)

RAM ikifa laptopu huganda, hujizima au hukataa kuwaka. Haisubiri robo saa. Dalili zako ni za joto: prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na wewe unaona gemu linakwama.

Kwetu pwani vumbi halikai peke yake, linachanganyika na unyevu na chumvi ya bahari, linagandamana kwenye mapezi ya kipoza joto kama blanketi dogo. Ukifungua mfuniko wa chini unalikuta limekaa nyuma ya feni, na feni yenyewe inaonekana safi. Ndiyo maana wengi wanapuliza kwa juu wakaona wamemaliza. Zima, chomoa chaja, chomoa na plagi ya betri ndani, ishike feni kwa kijiti isizunguke, kisha puliza. Kama mashine ina miaka mitatu au zaidi, badilisha na pesti ya kupitisha joto. Kazi hiyo mpe fundi ambaye atakubali ukae pembeni ukiangalia.

Halafu acha kuchezea kitandani. Godoro linaziba matundu ya chini. Weka mezani, nyuma iinue kwa visoda viwili, na kwenye mipangilio ya gemu funga fremu zisizidi 60 kwa sekunde. Joto litashuka, na jicho lako halitalalamika.

Kijijini kwetu tunatumia sola. Paneli ya wati 100, betri ya Ah 100, inverta. Laptopu ya gemu itakwenda? (Nachingwea)

Itakwenda, lakini fanya hesabu kabla familia haijakununia. Betri ya volti 12 ya Ah 100 ina watisaa 1,200. Kama ni ya asidi, usiitoe zaidi ya nusu, zinabaki 600. Inverta nayo inakula zake. Laptopu ikivuta wati 120 kwenye gemu, una saa nne hivi, na hapo taa na televisheni vimezimwa. Kesho yake, jua zuri kwa muda wa saa tano kwenye paneli ya wati 100 ni watisaa 500 kwa hesabu ya kitabuni, na kitabu hakijui mawingu ya masika. Kwa hiyo, ukiziachia taa na televisheni mgao wao, ni saa mbili kwa siku, ukiwa na adabu.

Usitegemee betri ya laptopu yenyewe. Ya watisaa 50, gemu likivuta 60, haimalizi saa, na kadi nyingi hupunguza nguvu zikichomolewa.

Skrini ya 144Hz ni lazima? (Mikindani)

Hapana. 144Hz maana yake skrini inabadili picha mara 144 kwa sekunde, na kadi ya bajeti yako haifikishi fremu 144 kwenye gemu nzito. Hela ya skrini hiyo ongezea kipande cha pili cha RAM.

Windows 10 bado inafaa? (Tandahimba)

Microsoft walifunga huduma yake ya kawaida Oktoba 14, 2025. Nunua Intel ya kizazi cha nane au zaidi ili Windows 11 ikubali rasmi. Wachezaji wa Valorant hasa waangalie: kwenye Windows 11 gemu hilo linadai TPM 2.0 na Secure Boot, kinga mbili za usalama za kompyuta, ziwe zimewashwa.

Naagiza Kariakoo, inakuja kwa basi. Nijihakikishie vipi? (Newala)

Kabla hujatuma hela, mpigie muuzaji simu ya video na umwelekeze mambo matatu. La kwanza ni ule ukurasa wa GPU niliomwambia mwanafunzi. La pili, aandike `powercfg /batteryreport` kwenye Command Prompt (dirisha la amri la Windows), afungue faili atakalopewa, akuonyeshe Design Capacity (uwezo wa betri ilipokuwa mpya) na Full Charge Capacity (uwezo wake wa sasa). Full Charge Capacity ikiwa chini ya nusu ya Design Capacity, toa gharama ya betri mpya kwenye bei. La tatu, acheze gemu lolote zito dakika 20 wewe ukiangalia. Anayesema hana muda wa dakika 20, hela yako nayo isiwe na haraka.

Chaja aisome mbele ya kamera. Laptopu ya wati 150 ikiletwa na chaja ya 90, kwenye gemu betri itakuwa inashuka huku imechomekwa. Mwisho, aiweke kwenye begi lake, begi kwenye boksi, kifuniko kisikandamizwe na chaja. Skrini nyingi hupasuliwa na tofali hilo la chaja njiani, basi likaonewa bure.