Kabla hujang'oa Windows kwenye kompyuta za dukani

Juzi kijana mmoja wa Mbagala kaniandikia: "Dada, shikamoo. Nina kompyuta nne za mtumba, zote zinakataa Windows 11, na fundi ananiambia nizitupe. Wewe si unatumia Linux? Nifanyeje?" Linux ni mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Nilimjibu kwa kifupi nikamwahidi kuandika vizuri hapa. Najua hayuko peke yake. Tulioanza steshenari kwa mashine za mtumba za Kariakoo tuko kwenye mtihani mmoja.

Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Aliye nayo nyumbani anaweza kujiandikisha apate masasisho ya usalama kwa mwaka mmoja zaidi, basi. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa za kuanzia kizazi cha nane. Mashine zangu ni kizazi cha nne. Zinawaka, zinachapa, hazijawahi kuninyima ugali. Kuambiwa ni takataka kuliniuma, maana ya kwanza niliinunua kwa hela ya mchezo, zamu yangu ilipofika.

Nikaamua kuhamia Linux Mint, aina mojawapo ya Linux. Uamuzi ulikuwa sahihi na bado nausimamia. Nilichokosea ni namna.

Jumapili usiku nilifunga duka nikapiga Mint kwenye mashine zote nne, moja baada ya nyingine. Saa nane usiku nimemaliza, nina furaha kama niliyeezeka nyumba. Asubuhi nafungua, printa ya leza haiitiki. Ilikuwa printa ya zamani, na draiva yake ya Linux, yaani programu ya kuiongoza, haikupatikana kirahisi. Sikuwa nimeijaribu hata mara moja. Basi kila kazi nikawa naigeuza PDF, naiweka kwenye flashi, nakimbilia kwa jirani, nalipa kwa hela yangu ili mteja asijue.

Saa nne akaja binti wa mwaka wa tatu na ripoti yake ya utafiti. Ilikuwa siku ya mwisho ya kukabidhi. Nikaifungua kwa LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi za Word, nikatoa PDF, tukaprinti nakala tatu kwa jirani, nikabaindi, akaondoka mbio. Sikuipitia. Kumbe alikuwa ameiandika kwa Aptos, fonti (aina ya herufi) ambayo siku hizi Word inaianzia yenyewe, na Mint haina. LibreOffice ikaweka fonti nyingine na mistari ikasukumana. Kwenye yaliyomo, sura ya nne ilikuwa ukurasa wa 38. Kwenye karatasi ilianza 41. Jedwali moja lilikatika, kichwa kikabaki chini ya ukurasa, namba zote zikaenda upande wa pili.

Saa tisa alirudi analia, msimamizi ameikataa. Hakunitukana. Alisema tu, "Dada, si ungeniambia umebadilisha." Nilimrudishia hela yake yote, tukaprinti upya kwenye Word ya jirani, akawahi kukabidhi jioni. Lakini neno lake ninalo mpaka leo. Hakukanyaga tena dukani kwangu, na tukipishana pale Savei huangalia pembeni.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Mbagala, na wengine wote: badili programu kwanza, mfumo uje mwisho. LibreOffice, GIMP ya picha, Inkscape ya michoro na Firefox ya intaneti zote zinakaa vizuri ndani ya Windows hiyohiyo uliyonayo. Ziweke leo, fanya nazo kazi za wateja mwezi mzima, na Word usiifute. Utayajua mafaili yanayoharibika wakati bado una pa kukimbilia. Jimbo la Schleswig-Holstein kule Ujerumani lilitangaza 2024 kwamba kompyuta zake za serikali, kama 30,000, zinahama, na lilianza na LibreOffice, Linux ikifuata baadaye. Wana mafundi wao na bajeti yao, na bado walikwenda hatua kwa hatua.

Kuhusu fonti, Calibri ina mbadala wake Carlito, Cambria ina Caladea, na Times New Roman ina Liberation Serif. Upana wa herufi ni uleule, mistari haihami. Hakikisha zote zimo kabla mteja wa kwanza hajaingia. Kwa Aptos usibahatishe, mwombe mteja akutumie PDF aliyoitoa mwenyewe. Mimi nimebandika tangazo hilo kaunta, na kila ripoti nafungua yaliyomo na kurasa tatu mbele ya mwenyewe kabla sijaprinti.

Halafu printa. Mint inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Chomeka, washa, unganisha printa, toa ukurasa mmoja. Isipoitika, umejua mapema. Ni kazi ya dakika ishirini; mimi niliziruka, nikaishia kukimbilia kwa jirani.

Sasa niseme na raha yake. Flashi za wanafunzi zimejaa virusi vya shotikati, unaijua hali ile: mtu anafungua flashi haoni kazi yake, anaona vishale tu. Kwenye Mint mafaili yaliyofichwa yanaonekana kama kawaida. Nayanakili, nasafisha flashi, namrudishia mtu tasnifu yake mkononi. Nimeshaona watu wazima wakikaa chini kwa kushukuru. Na Mint 22 itaendelea kupata masasisho mpaka 2029, kwenye mashine zilezile nilizoambiwa nitupe.

Tuache kreki, jamani. Tunashusha programu iliyovunjwa na mtu tusiyemjua, kisha kwenye mashine hiyohiyo tunaskani vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho vya NIDA vya watu. Hiyo ni amana. Nasi Dar si wageni wa programu huria, hizi za bure zilizo wazi kwa wote: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitafsiri OpenOffice, ikatoka kwa Kiswahili 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, na LibreOffice ya leo imetokana na OpenOffice hiyo. Tunaona aibu ya nini?

Leo mashine zangu tatu ni Mint, na printa nilibadilisha. Ya nne nimeirudishia Windows 10, kwa sababu skana yangu kubwa haijakubali kokote kwingine. Nimechomoa waya wa intaneti, nikaandika kwa maka nyekundu juu ya kava: SKANA TU, USICHOMEKE FLASHI YA MTEJA.