Maswali Yenu: Rada, Enigma na Anga la Uingereza

*Je, ni kweli Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, aliuacha mji wa Coventry uungue ili Wajerumani wasijue Enigma, mashine yao ya kuandika ujumbe wa siri, imevunjwa?*

Swali hili tena! Hapana. Usiku ule Coventry iliposhambuliwa, tarehe 14 Novemba 1940, Churchill alidhani itapigwa London, akageuza gari akarudi mjini. Mitambo ya kuvuruga mawimbi yaliyoongoza ndege za Kijerumani ilikuwapo, ila ilitegwa kwenye mlio wa mitetemo 1,500 kwa sekunde badala ya 2,000. Kosa la fundi. Wapenda njama hawataki kusikia hilo.

*Kama Wajerumani nao walikuwa na rada, Waingereza wanasifiwa kwa lipi?*

Kwa simu na meza. Sitanii. Freya, rada ya Wajerumani, ilikuwa mashine safi kuliko ile minara mirefu ya rada ya Waingereza pwani, Chain Home. Lakini habari za minara zilipigwa simu hadi Bentley Priory, makao makuu ya ndege za kivita za Uingereza, zikachujwa, zikagawiwa vituo vya ndege. Humo wasichana wa jeshi walisukuma alama kwa fimbo juu ya ramani iliyotandazwa mezani. Saa ya ukutani ilipakwa nyekundu, njano na buluu, kila rangi dakika 5, na kila mshale uliowekwa mezani ulikuwa wa rangi ya dakika zile. Ofisa akichungulia kutoka roshani, rangi yenyewe inamwambia habari ipi imechacha. Ndege ikishavuka pwani, minara haiioni tena. Kazi ni ya watu wenye darubini mashambani, nao wana simu. Siku hizi mtu anafunga kamera kumi na sita, hana hata mmoja wa kuzitazama, halafu anajisifu ana ulinzi.

*Enigma ndiyo iliyoshinda vita vya anga?*

Si mwaka 1940. Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kuvunja ujumbe wa siri, ilianza kusoma mara kwa mara ujumbe wa jeshi la anga la Ujerumani Mei mwaka huo, ikajua vikosi na nguvu zao. Ila amri nyingi za mashambulizi ya kila siku zilipita kwenye waya, si hewani. Waliosaidia zaidi saa ileile ni Waingereza wajuao Kijerumani, waliotegea masikio marubani wakipiga soga redioni. Na kabla hamjaniletea Turing, yule mwanahisabati wa Bletchley, peke yake: Mpoland Rejewski aliivunja Enigma mwaka 1932.

*Colossus, ile kompyuta ya Bletchley, je?*

Ilikuja 1944, kwa ajili ya Lorenz, mashine nyingine ya siri ya Wajerumani, si Enigma. Someni kwanza jamani.

*Marubani wa usiku walikula karoti ili waone gizani?*

Propaganda. Siri ilikuwa rada ndogo ndani ya ndege. Karoti kula, miwani usitupe.